Jiwe la kifuani kwa Tutankhamun: kito kilichotambuliwa upya baada ya miaka sabini

Kati ya mapambo yaliyotolewa kaburini mwa Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, kuna kidani kimoja ambacho jiwe lake la katikati lilikaa zaidi ya miaka sabini na jina lisilo lake. Kidani chenyewe kina upana na kimo cha karibu sentimita 15, kazi ya dhahabu, fedha, vito na vioo vya rangi. Juu kuna mashua iliyobeba jicho la Horusi na mwezi. Chini yametandazwa maua. Katikati yuko dundu, yule mdudu anayebingirisha mavi, ambaye kwa Wamisri wa kale alikuwa sura ya jua linalochomoza. Amevikwa mabawa na mkia wa ndege, na mwili wake umechongwa kwenye jiwe moja la manjano inayoelekea kijani, linalopitisha mwanga kama asali nyepesi.

Mwanaakiolojia Mwingereza Howard Carter, aliyelifikia kaburi hilo Novemba 1922, aliandika kwamba jiwe ni kalkedoni. Wanaosoma Ufunuo wa Yohana jina hilo si geni kwao. Ni mojawapo ya mawe ya misingi ya Yerusalemu mpya. Kitaalamu ni jiwe la silika, yaani kile kilichoufanya mchanga mweupe, lenye fuwele ndogo mno, haziwezi kuonekana kwa macho.

Hakuwa mzembe. Mafundi wa Misri walikuwa wamezoea mawe ya jamii hiyo, rangi ilikubalika, na kidani cha mfalme hukimegi upate kipande cha kupeleka maabara. Tena Carter na wenzake walikuwa na vitu zaidi ya elfu tano vya kuorodhesha, kuanzia magari ya farasi hadi viatu. Waliangalia, wakaandika, wakaendelea na kingine. Tatizo la orodha za makumbusho ni kwamba jina likishaandikwa, wanaofuata huinukuu orodha, na jiwe lenyewe halitazamwi tena.

Namba iliyofunga milango miwili

Mwaka 1996 mtaalamu wa madini wa Italia, Vincenzo de Michele, alilitazama jiwe hilo katika Makumbusho ya Misri jijini Kairo na kulitilia shaka. Likapimwa tabia zake za mwanga, na mwaka 1998 matokeo yakachapishwa: dundu wa Tutankhamun si kalkedoni. Ni kioo.

Inafaa tusimame kidogo kwenye kipimo, maana uchambuzi wote unakitegemea. Kila kitu kinachopitisha mwanga kina kiwango chake cha kuupinda mwanga unapoingia ndani yake. Mabroka wa vito pale Arusha wanakijua kifaa cha kusomea kiwango hicho, refraktomita. Unatia tone la kimiminika maalumu juu ya kioo cha kifaa, unalaza uso bapa uliosuguliwa wa jiwe juu ya tone, unachungulia tunduni, na pale kivuli kinapoishia kwenye mizani ndogo ndani ndipo unaposoma namba. Jiwe halikwaruzwi wala halipungui.

Kalkedoni husomeka kati ya 1.53 na 1.54. Kioo cha kawaida kilichotengenezwa na watu, kile cha mchanga uliochanganywa na magadi na chokaa, husomeka karibu 1.51 au 1.52. Kioo ambacho ni silika karibu tupu husomeka karibu 1.46, na upande huo ndiko lilikoangukia jiwe la mfalme.

Kwa hiyo 1.46 inafunga milango miwili kwa pamoja. Wa kwanza ni kalkedoni. Wa pili, ambao wengi wanausahau, ni ule wa kusema kwamba labda fundi wa kifalme alijitengenezea kioo mwenyewe. Wamisri wa wakati huo, karne ya 14 kabla ya Kristo, walikuwa mabingwa wa kioo. Kwenye kidani hichohicho kipo kioo cha mikono yao. Lakini walitia magadi kwa sababu magadi hushusha joto la kuyeyusha mchanga. Silika bila magadi inadai nyuzi zaidi ya 1,600 za Selsiasi. Tanuri la mkaa la zama hizo lilikuwa linafika kiasi cha 1,000 na kidogo, basi. Hapakuwa na fundi duniani aliyeweza kuyeyusha kitu kile.

Aliyekiyeyusha hakuwa mtu, na mahali kinapookotwa panajulikana: Bahari Kuu ya Mchanga, magharibi ya mbali ya Misri, karibu na mpaka wa Libya, mamia ya kilomita kutoka bonde la Naili.

Jangwani

Desemba 1932 Patrick Clayton, mpima ardhi aliyekuwa akichora ramani za jangwa la Misri, alipita kwa gari katika njia za kati ya matuta ya mchanga na kukuta vipande vya kioo cha manjano vimetapakaa juu ya ardhi. Vingine vilikuwa wazi kama maji, vingine na ukungu, na vyote vimelainishwa na upepo kiasi kwamba hakuna ncha iliyobaki. Vipande vilimfikia Leonard Spencer wa Makumbusho ya Uingereza, na mwaka 1934 wawili hao wakachapisha maelezo ya kwanza ya kina.

Clayton hakuwa wa kwanza kuviona, ila hao waliomtangulia hawakuwa na jarida la kuchapishia. Watu wa Enzi ya Mawe walikuwa wakikiokota kioo hicho na kukichonga visu na vikwaruzio, maana kinapasuka kwa makali safi.

Spencer alikuwa na sababu ya kuwaza kimondo. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amechunguza mizigo miwili ya namna hiyo, mmoja kutoka Henbury, Australia, na mwingine kutoka Wabar, katika Rub' al-Khali ya Arabia. Huo wa Wabar uliletwa na msafiri Mwingereza Philby, aliyekwenda mwaka 1932 kutafuta mji ulioangamizwa kwa moto wa mbinguni. Alichokuta ni mashimo ya kimondo, vipande vya chuma, na punje nyeusi za kioo zinazong'aa. Mabedui aliofuatana nao walizikusanya kwa furaha wakiamini ni lulu za wanawake wa kaumu ya Adi, wale ambao Qurani inasimulia kuangamia kwao. Zilikuwa mchanga wa jangwa lilelile, umeyeyuka na kumwagika chini kama mvua wakati kimondo kilipopiga.

Ukikiweka kisa cha Misri kando ya kile cha Wabar, pengo linaonekana mara moja. Wabar ina mashimo, ina chuma, ina kioo, na vyote viko pamoja. Bahari Kuu ya Mchanga ina kioo peke yake, kimeenea maelfu ya kilomita za mraba, kipande kikubwa kinachojulikana kikiwa na kilo 26 hivi. Hakuna chuma. Hakuna shimo. Spencer alipatafuta mahali kimondo kilipopigia na hakupaona, na tangu hapo kila kizazi cha wanajiolojia kimerudia swali lake.

Sehemu ya jawabu ni umri. Urani iliyo ndani ya kioo, ingawa ni kidogo sana, huacha alama ndogondogo kila atomi yake inapopasuka, na kwa kuhesabu alama hizo wataalamu wamepata miaka milioni 29 hivi. Wabar ni ya juzi tu. Inakadiriwa kwa mamia ya miaka. Katika miaka milioni 29, maji na upepo vinaweza kukata tabaka zima la ardhi na kuondoka na shimo, na kioo kigumu kikabaki kimelala juu ya ardhi ambayo si ile kilikozaliwa.

Kuhusu kwamba kilitokana na kitu cha angani, hapo hakuna ubishi tena. Baadhi ya vipande vina michirizi myeusi, na ndani yake kuna iridi na metali za jamii yake kwa kiwango ambacho miamba ya juu ya dunia haina. Hayo ni masalio ya kimondo chenyewe, kilichogeuka mvuke. Pia zirkoni, punje za madini magumu zilizokuwemo kwenye mchanga, zimevunjika na kuacha madini mengine yaitwayo badeleyiti, jambo linalotaka joto la nyuzi karibu 1,700 au zaidi. Volkano haifiki huko, na radi haiyeyushi eneo kubwa namna ile.

Kilipiga ardhi, au kililipukia juu?

Kwa kukosa shimo, wengine walikuja na wazo lingine: kimondo hakikugusa ardhi. Kililipukia angani na joto lake likaupika mchanga kutoka juu. Mifano ipo. Tarehe 30 Juni 1908 kitu cha angani kililipuka juu ya Tunguska, Siberia, kikalaza msitu wa kilomita za mraba kama 2,000 bila kuchimba shimo. Tarehe 15 Februari 2013 kingine kililipuka juu ya Chelyabinsk, Urusi, na watu zaidi ya elfu moja wakaumia, wengi kwa vioo vya madirisha. Bomu la majaribio la 1945 huko New Mexico liliacha kioo cha kijani juu ya mchanga. Wazo likapendwa, hata televisheni zikalipokea.

Mimi nilikuwa naliona wazo hilo lina mvuto kuliko ushahidi. Liliegemea mno juu ya kutokuwepo kwa shimo, na kitu kukosekana baada ya miaka milioni 29 jangwani hakithibitishi chochote.

Mwaka 2019 Aaron Cavosie wa Chuo Kikuu cha Curtin, Australia, na Christian Koeberl wa Vienna walikuja na ushahidi wa ndani ya kioo. Walichukua punje za zirkoni ambazo kwa macho huzioni kabisa, wakazichunguza kwa hadubini ya elektroni. Zirkoni ikibanwa kwa kanieneo ya zaidi ya gigapaskali 30, yaani karibu mara laki tatu ya kanieneo ya hewa tunayopumua, hupanga upya atomi zake na kuwa madini mengine yanayoitwa reidaiti. Ikiendelea kuchomwa, reidaiti hurudi kuwa zirkoni, lakini hairudi kama ilivyokuwa. Vijipunje vipya hukaa kwa mielekeo inayokatana kwa pembe mraba, na mpangilio huo haupatikani kwa njia nyingine. Reidaiti yenyewe ilikwisha kutoweka, mielekeo ikabaki. Mlipuko wa angani unatoa joto jingi, ila kanieneo yake ikifika ardhini haikaribii hata kidogo kiwango hicho. Kwa hiyo kimondo kilipiga ardhi na kuchimba shimo.

Mwaka 2023 utafiti mwingine ukiongozwa na Elizaveta Kovaleva, ukichungulia kwa undani zaidi maumbo ya oksidi ya zirkoni, ulifika kulekule: joto la nyuzi kati ya 2,250 na 2,700, pamoja na kanieneo ya mgongano.

Shimo lenyewe bado. Yamewahi kutajwa mashimo ya kimondo yaitwayo BP na Oasis, nchini Libya, na mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walitangaza umbo la mviringo la kilomita 31 mpakani mwa Misri na Libya, wakaliita Kebira. Picha za satelaiti zilivutia, lakini mwamba wa pale haujatoa alama za mgongano zinazokubalika. Mviringo peke yake jangwani ni kitu cha kawaida.

Jambia na dundu

Hapa ndipo simulizi za mitandaoni zinapopotoka, na ndiyo sababu ya kukiandika kisa hiki. Utasikia kwamba Tutankhamun alizikwa na "vito vya kimondo" kwa kuwa Wamisri walijua siri ya mawe ya mbinguni. Kaburini kweli kuna vitu viwili mashuhuri vinavyohusiana na vimondo, lakini uhusiano wa kimoja hauko sawa na wa kingine.

Cha pili ni jambia. Lilikutwa mwaka 1925 kwenye paja la kulia la maiti, lina urefu wa sentimita 34 hivi, ubapa wa chuma na mpini wa dhahabu wenye kirungu cha jiwe angavu. Mwaka 2016 Daniela Comelli na wenzake walilipima kwa eksirei, tena bila kulikwaruza, wakakuta nikeli karibu asilimia 11 na kobalti asilimia 0.6 hivi. Chuma kinachofuliwa kutoka mawe ya ardhini hakina nikeli kiasi hicho. Chuma cha vimondo kinayo. Kimondo cha Mbozi, pale Songwe, kina zaidi ya asilimia 8. Jambia basi ni kipande halisi cha angani kilichofuliwa. Na mwaka 2022 watafiti wa Japani walionyesha kwamba lilifuliwa kwa joto la chini, kiasi kwamba mistari ya asili ya fuwele za kimondo bado inaonekana, na gundi ya mpini ina chokaa, jambo linaloelekeza kwamba huenda lilitengenezwa nje ya Misri. Barua za Amarna, zile ambazo wafalme wa zama hizo walipelekeana, zinamtaja mfalme wa Mitanni, dola jirani ya kaskazini, akimpelekea Amenhotep III, babu yake Tutankhamun, jambia lenye ubapa wa chuma. Kurithiwa kwake ni jambo linalowezekana kabisa.

Dundu hatoki angani. Ni mchanga wa Misri, uliyeyushwa na kimondo, ukiwa na chembe chache za mgeni aliyeuyeyusha. Kwa chuma, zipo dalili kwamba Wamisri walikihusisha na mbingu: shanga za Gerzeh, Misri, za miaka karibu elfu mbili kabla ya Tutankhamun tayari zilifuliwa kwa chuma cha kimondo, na maandishi ya karne ya 13 kabla ya Kristo yanakitaja kuwa chuma cha mbinguni. Kwa kioo cha jangwani hakuna dalili ya namna hiyo. Wangejuaje? Kimondo kilianguka miaka milioni 29 nyuma, wakati binadamu hajakuwepo. Hata sisi tumehitaji hadubini za elektroni, na bado tunatafuta shimo.

Ninavyoona, fundi alilichagua jiwe kwa sababu alizokuwa nazo mbele ya macho: rangi ya jua la asubuhi kwa mdudu wa jua la asubuhi, uangavu wa ndani usiopatikana kwenye kalkedoni ya kawaida, na pengine uadimu wake, maana lilitoka mbali. Lilifikaje karakana? Huenda kwa mikono mingi, msafiri akimpa msafiri, kama vitu vya jangwani vinavyosafiri. Si lazima tumtungie mfalme msafara maalumu.

Sokoni leo

Tofauti hiyo ya jambia na dundu ina faida kwa anayenunua. Vito vinavyotoka angani vyenyewe ni vichache: olivini za kijani zilizonaswa ndani ya vimondo vya jamii ya palasiti, ambazo zikikatwa huitwa peridoti, na nyingi zina nyufa kiasi kwamba kupata kipande safi cha karati moja ni bahati. Moldavaiti ya Ucheki, ile ya kijani kama chupa, ni ndugu wa dundu: mwamba wa dunia uliorushwa na mgongano wa Ries, Ujerumani, miaka karibu milioni 15 iliyopita. Moisanaiti inayouzwa kwenye pete hutengenezwa kiwandani. Ilichokopa kwa kimondo ni historia tu, kwa kuwa Henri Moissan aliiona mara ya kwanza mwaka 1893 ndani ya masalio ya kimondo cha Canyon Diablo, Arizona, akadhani ni almasi.

Kioo cha jangwa la Libya, ndilo jina la sokoni la kioo hicho cha dundu, kina feki nyingi, na ya rahisi zaidi ni chupa iliyoyeyushwa. Hiyo refraktomita inaiumbua papo hapo, itasoma 1.51 au 1.52, na mizani pia itasema: chupa ina densiti ya 2.5, kioo halisi 2.2. Shida inaanza kwa muuzaji mjanja zaidi, anayechukua silika ya kiwandani na kuipaka rangi, maana hiyo itasoma 1.46 ileile na 2.2 ileile. Hapo lenzi ya mkononi ndiyo ya kuulizwa. Kioo cha kweli aghalabu kina vijipovu vilivyovutika upande mmoja, mara nyingine vidonge vyeupe vya mviringo vya kristobaliti, yaani silika iliyogeuka fuwele, na ukibahatika, ule mchirizi mweusi wenye iridi. Uso usiokatwa unatakiwa uwe na vishimo vya upepo, laini, visivyo na alama ya kalibu ya kumiminia. Kipande safi mno, cha rangi moja kila upande, ndicho cha kukitilia shaka kwanza, na ukiwa bado na wasiwasi, maabara ndiyo itakayoona kama zirkoni zake zimegeuka badeleyiti.